Ethanoli Inasingiziwa

Katika vituo vya mafuta vya Brazili dereva hashuki kujijazia mwenyewe. Sheria ya mwaka 2000 inakataza, kwa hiyo mhudumu husogea dirishani na kuuliza: ethanoli au petroli? Mwenye gari la fleksi anaweza kujibu lolote kati ya hayo mawili, au akaagiza nusu kwa nusu, na injini itapokea. Hesabu yake ni ya haraka. Bei ya ethanoli ikiwa chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli, anajaza ethanoli. Ikipita hapo, anajaza petroli. Kwa mfano, lita ya petroli ikiuzwa reali 6, ethanoli ina faida ikiwa chini ya reali 4 na senti 20. Lita ya ethanoli ina nishati pungufu, na pale ambapo petroli ingelipeleka gari kilomita kumi, ethanoli hulifikisha kama saba hivi.

Uhuru huo haukuja kwa siku moja. Novemba 1975, bei ya mafuta ya dunia ikiwa imepaa, serikali ya Rais Ernesto Geisel ilianzisha mpango wa Proálcool wa kugeuza miwa kuwa mafuta ya magari. Mwaka 1979 ikaingia sokoni Fiat 147 ya kutumia ethanoli tupu, na katikati ya miaka ya 1980 magari mengi mapya yaliyouzwa nchini humo yalikuwa ya aina hiyo. Kisha mwishoni mwa muongo huo ethanoli ikaadimika, watu wakapanga foleni vituoni, na imani ikavunjika. Hakuna aliyetaka tena kufungwa na mafuta ya aina moja. Machi 2003 Volkswagen ikaleta Gol Total Flex, gari la kwanza Brazili lililokubali ethanoli na petroli katika tangi moja.

Mwaka huohuo Ford ilianza kuuza EcoSport kutoka kiwanda chake cha Camaçari, jimboni Bahia: kigari cha juu kilichojengwa kwenye msingi wa Fiesta, tairi la spea likining’inia mlango wa nyuma, na baada ya muda mfupi kikapewa injini za fleksi. Kwa miaka kadhaa kilitamba karibu peke yake, mpaka Renault Duster ilipofika mwaka 2011. Leo EcoSport hizo ziko mikononi mwa mmiliki wa pili au wa tatu, na ndiyo maana zinazungumzwa sana gereji. Gari likizima barabarani, ni ethanoli. Likila mafuta, ni ethanoli. Likitetemeka kwenye foleni, ethanoli tena. Mimi naona ethanoli inasingiziwa, na anayeisingizia huishia kutengeneza kisichoharibika.

Tuanze na imani iliyoenea kuliko zote: kwamba injini ya fleksi hugeuka teja. Ukiizoesha ethanoli kwa miezi, wanasema, siku ukiitilia petroli itagoma, na kinyume chake. Wapo wanaopokezana kwa makusudi, tangi moja hili, tangi moja lile, ili injini isizoee. Wanachokiona ni kweli, ila maelezo yao sivyo yalivyo.

Magari mengi ya fleksi ya Brazili hayana sensa ya kupima kiasi cha ethanoli ndani ya mafuta. Ilionekana ni gharama ya bure. Badala yake kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi, inakisia. Boya la tangi likionyesha kwamba mafuta yameongezeka, kompyuta hujua kuna kitu kipya kimeingia. Hapo huanza kusikiliza sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Petroli ya Brazili, ambayo tangu 2015 ilichanganywa ethanoli asilimia 27 na tangu Agosti 2025 asilimia 30, inahitaji takribani kilo 13 za hewa kwa kila kilo ya mafuta. Ethanoli inahitaji kama kilo 9 tu. Maana yake ni kwamba kwa hewa ileile nozeli lazima zimwage ethanoli nyingi zaidi. Kompyuta huongeza au hupunguza taratibu mpaka moshi usome sawasawa, kisha hulihifadhi jibu hilo kwenye kumbukumbu.

Sasa mchukue dereva ambaye tangi lake lilikuwa na petroli. Jioni anapita kituoni, anajaza ethanoli, nyumbani ni mtaa wa pili, anaegesha na kulala. Katika safari fupi kama hiyo mabomba bado yana petroli ya zamani na kompyuta haijajifunza chochote. Asubuhi ethanoli imefika kwenye nozeli, kompyuta inamwaga kwa kipimo cha petroli, injini inapata mafuta kidogo kuliko inavyohitaji. Starta inazunguka, gari haliwaki. Hakuna uteja hapo. Lilihitaji kutembezwa kama kilomita kumi baada ya kubadilishiwa mafuta, kwa mwendo wa kawaida tu.

Kwenye elimu hiihii ndipo mafundi wazuri wanapotofautiana na wauza vipuri. Mashine ya kupimia ikiunganishwa, kwenye magari mengi inaonyesha uwiano wa hewa na mafuta ambao kompyuta imejifunza. Kama tangi lina petroli tupu na kioo kinaonyesha namba iliyo jirani na 9, kompyuta imedanganywa. Nani kaidanganya? Mara nyingi ni tundu kwenye ekzosi kabla ya sensa, au mpira wa kuingizia hewa uliopasuka. Hewa ya nje inapenya, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani tangi limejaa ethanoli na inazidisha mafuta. Gari linatoa moshi mweusi, linanuka, linakunywa kama lori. Boya bovu la tangi nalo linaweza kuleta mkanganyiko, kwa sababu kompyuta haijui kama umejaza. Fundi asiyeijua njia hii atakuuzia sensa, kisha koili, kisha nozeli zote nne, na mwisho atakwambia ndiyo ubaya wa ethanoli.

Lipo hata hivyo kosa moja ambalo ethanoli haiwezi kulikana: baridi. Ikishuka chini ya nyuzi 13 hivi, haitoi mvuke wa kutosha kushika moto. Mwenye gari wa Salvador au Recife anaweza asilijue tatizo hilo maisha yake yote. Wa Curitiba, au wa Rio Grande do Sul mwezi Julai, analijua vizuri. Kwa ajili yao, magari ya fleksi ya mwanzo, EcoSport zikiwamo, yaliwekewa kikopo kidogo cha petroli chini ya boneti. Asubuhi ya baridi, kipampu kidogo hurusha petroli kidogo kwenye njia ya hewa, injini ikashtuka na kuwaka.

Kikopo hicho ni kidogo, na kwa kuwa ni kidogo kinasahauliwa. Mwaka ukiwa na joto hakitumiki, petroli inakaa miezi, inapoteza ukali, inaacha utomvu, na kipampu kinakwama. Mwenye gari anagundua siku anapokihitaji. Kibaya zaidi ni mpira wa kupitisha petroli hiyo: ukichakaa na kupasuka, petroli inadondokea juu ya injini ya moto. Ukiwa unanunua EcoSport ya kizazi cha kwanza, kabla ya kusifia rangi, shika mpira huo kwa vidole. Ukiwa mgumu na una nyufa, badilisha. Ndani ya kikopo weka petroli ya daraja la juu, ambayo huchelewa kuharibika, na uibadilishe hata kama haijaisha. Mwaka 2009 Volkswagen ilitoa Polo E-Flex isiyo na kikopo kabisa, kwa mfumo wa Bosch unaopasha mafuta moto kabla ya kuingia kwenye silinda, na watengenezaji wengine wakafuata.

Kuhusu pampu ya mafuta, kesi ni ya washtakiwa wawili. Ethanoli inayouzwa kwenye pampu za Brazili ina maji kihalali, kama asilimia 5 hadi 7 hivi, na inapitisha umeme zaidi kuliko petroli. Pampu na mabomba ya gari la fleksi vimetengenezwa vikihimili hayo. Visivyohimili ni maji ya ziada ya mfanyabiashara mjanja, na tabia ya kuendesha gari taa ya mafuta ikiwaka kila siku. Pampu imezama ndani ya tangi na hupozwa na mafuta yenyewe; tangi likiwa kavu, pampu inachemka. Dalili zake zinasikika: mlio mwembamba kutoka kiti cha nyuma, gari kukosa nguvu mlimani, kuchelewa kuwaka. Chujio la mafuta ni la bei ndogo, na kulibadilisha kila kilomita 10,000 ni nafuu kuliko pampu.

Dhidi ya wajanja hao Wabrazili wana silaha ninazozionea wivu. Ethanoli kavu, ile inayopelekwa kuchanganywa na petroli, hutiwa rangi ya chungwa ili mtu asiiongeze maji akaiuza kama ethanoli ya pampu. Kwenye pampu ya ethanoli kuna kioo chenye kipimo cha uzito wa mafuta, na mteja anaweza kuchungulia: mafuta yawe maangavu, na mstari mwekundu uwe panapostahili. Kwa petroli, mteja ana haki ya kudai ipimwe mbele yake. Mhudumu huchukua chupa ndefu yenye alama, hutia mililita 50 za petroli na mililita 50 za maji ya chumvi, hutikisa kwa upole na kuacha itulie. Ethanoli huikimbia petroli na kujiunga na maji chini. Maji yakipanda kutoka 50 hadi 63, unachukua ongezeko la 13, unazidisha kwa mbili, unajumlisha moja: asilimia 27. Maji yakifika 70, umeibiwa. Kwetu Tanzania, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wanaochanganya mafuta ya taa, lakini kipimo hicho kiko mikononi mwa wakaguzi. Mteja hapewi chupa aone mwenyewe.

Oili ndiyo sura ambayo ningependa kila mmiliki aisome mara mbili. Injini ikiwa baridi, sehemu ya ethanoli haiungui. Inateremka pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye oili, pamoja na maji yaliyomo ndani yake. Safari ikiwa ndefu, oili inapata moto wa kutosha na vyote viwili vinatoka kama mvuke. Safari ikiwa ya kupeleka watoto shule na kurudi, vinabaki. Fungua kifuniko cha oili cha gari kama hilo utakuta povu zito la rangi ya maziwa. Likiachwa, linageuka tope jeusi linaloziba njia za oili, na injini inakufa kwa kiu ilhali kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imejaa. Vitabu vya magari vya Brazili huyaita matumizi ya namna hiyo mazito, ingawa mwendo ni mfupi, na huagiza muda wa kumwaga oili upunguzwe kwa nusu: kilomita 5,000 au miezi sita badala ya 10,000 au mwaka. Watu wengi huamini gari la safari za mtaani linachakaa kidogo. Mambo ni kinyume kabisa.

Tangu mwaka 2017 sura hiyo imepata uzito mpya. EcoSport iliyofanyiwa marekebisho mwaka huo ilipewa injini ya silinda tatu ya lita 1.5, yenye nguvu farasi 137 ikinywa ethanoli na 130 ikinywa petroli. Ni injini nzuri kuiendesha. Lakini mkanda wake wa taimingi ni wa mpira na unaogelea ndani ya oili. Kiwanda kiliuahidi umri mrefu ajabu, kilomita 240,000 au miaka kumi. Ahadi hiyo inategemea oili sahihi, ya namba na daraja lililoandikwa kwenye kitabu, na oili isiyojaa mafuta yaliyoshindwa kuungua. Oili ya bei poa, au ethanoli iliyorundikana kwa safari fupi, hulainisha mpira. Mkanda unachanika nyuzinyuzi, nyuzi zinaziba chujio la chini ya pampu ya oili, na taa nyekundu inawaka. Hapo dereva ana sekunde chache za kuzima injini. Chevrolet Onix na Tracker za kizazi kipya nazo zina mkanda wa kuogelea kwenye oili. Injini za zamani, Zetec Rocam ya 1.6 na Duratec ya 2.0, zina cheni ya chuma na hazina habari na mambo hayo.

Ila EcoSport zilizofungiwa breki ya mkono uani, zikisubiri mnunuzi wa vyuma chakavu, nyingi hazikuuawa na mafuta wala oili. Muuaji wao ni giaboksi. Kati ya 2012 na 2017 matoleo ya otomatiki yaliwekewa PowerShift ya gia sita. Ndani yake kuna klachi mbili kavu, moja ya gia witiri na nyingine ya gia shufwa, zinazopokezana kwa amri ya kompyuta. Barabara ikiwa wazi, inabadili gia haraka na kwa ulaini. Katika foleni ya São Paulo, ambako gari linatambaa hatua mbili na kusimama, klachi kavu zinasugua bila kushika sawasawa, zinapata moto, na gari linaanza kutetemeka wakati wa kuondoka. Sili za shafti nazo huvuja, oili ikagusa klachi, mtetemo ukazidi. Kisha kompyuta ya giaboksi hufa na gari likasimama bila gia.

Haikuwa shida ya Brazili peke yake. Aprili 2018 mahakama ya Australia iliiamuru Ford ya nchi hiyo ilipe dola milioni 10 za huko kwa jinsi ilivyowashughulikia wateja waliolalamikia PowerShift katika Focus, Fiesta na EcoSport. Kule hakuna anayejaza ethanoli tupu kama ya Brazili, na bado magari yalitetemeka vilevile. Ford yenyewe iliiondoa PowerShift kwenye EcoSport ya mwaka 2017 ikaweka otomatiki ya kawaida. Sihitaji ushahidi zaidi ya huo. Aliyenayo na hataki kuiacha, aache nafasi mbele yake kwenye foleni, aende inapowezekana kwenda, na asilishikilie gari mlimani kwa mguu wa mafuta. Anayenunua ajaribu gari likiwa baridi, kisha alizungushe kwenye msongamano mpaka lipate moto ndipo asikilize. Muuzaji akikupeleka barabara kuu tu, ana sababu zake.

Upande wa maji ya injini, Rocam ina ugonjwa wake maarufu: nyumba ya thamostati ni ya plastiki, na baada ya miaka ya joto hupasuka na kuvuja polepole. Mmiliki anaongeza maji ya bomba kila wiki akisema nchi haina barafu, kulanti ya nini? Hoja hiyo tunaisikia Dar es Salaam na Mombasa pia. Kulanti huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya bomba huleta chumvi na kutu, kisha gasketi ya silinda hedi huungua. Nyumba mpya ya thamostati inanunulika kirahisi, na wapo wanaouza ya alumini.

Chini ya gari hakuna siri. Linki za stebilaiza, bushi na maunting za injini huchakaa kwa matuta, na Brazili ina matuta kama sisi. Mlango wa nyuma unaobeba spea hulegea bawaba kwa uzito. Unyanyue kwa mkono uone kama unacheza. Plagi zifuate kitabu, kwa sababu plagi iliyochoka huonekana kwanza kwenye ethanoli, asubuhi.

Anayepata EcoSport iliyotoka Uingereza au India asibebe habari za ethanoli, kwani hizo hazikutengenezwa kuinywa. Lakini injini ya EcoBoost ya lita 1.0 ina mkanda uleule wa ndani ya oili, na baadhi ya zilizotoka India zina PowerShift. Aifungue stakabadhi ya huduma aone ni oili gani ilitiwa, na kila baada ya kilomita ngapi.

Vipuri vina hali mbili. Januari 2021 Ford ilitangaza kufunga viwanda vyake vya Brazili, na eneo la Camaçari sasa ni la BYD ya China. Vya Rocam vinapatikana kwa wingi, kwa kuwa Ka na Fiesta zilitumia injini hiyohiyo na viwanda vidogo vinaendelea kuvitengeneza. Vya PowerShift vina bei, na hata ukivipata unahitaji fundi mwenye vifaa vya kufungia klachi zile na mashine ya kuifundisha kompyuta upya. Kwa bajeti ya kawaida ningechukua ya gia za mkono, yenye cheni, hata kama imetembea zaidi, na kabla ya kulipa ningefungua kifuniko cha oili.